Maisha ya Bwana Baden-Powell, Aliyeanzisha Skauti

Mwezi huu tumeona vema kuwasimulia maisha ya mtu ambaye vijana wetu hulitaja jina lake mara nyingi, lakini habari zake hawazijui sana. Mtu huyo ni Robert Baden-Powell, aliyeanzisha chama cha skauti. Alikufa zamani, katika mwaka 1941, na kaburi lake liko katika nchi jirani ya Kenya, mjini Nyeri. Lakini kwanza tutaeleza sababu iliyotufanya tumkumbuke.

Jumamosi moja tuliandamana na kikosi cha vijana skauti wa hapa Gerezani. Siku hiyo hawakwenda gwaride wala kupika kambini, bali walicheza mchezo mpya wa kutafuta vitu vilivyofichwa. Mchezo huo waitwa jiokachingi, nao ulianza Marekani. Mwanzoni mwa mwezi wa Mei mwaka 2000 serikali ya nchi ile iliondoa kizuizi kilichokuwa kikizipotosha kwa makusudi habari ambazo satelaiti zake ziliwapa watu wa kawaida. Mara mtu mmoja wa jimbo la Oregon akaficha ndoo porini, akatangaza hesabu za mahali pale ili wengine waitafute. Tangu hapo mchezo umeenea duniani. Mfichaji huficha kopo au sanduku dogo lenye daftari na penseli, kisha hutangaza mahali pake kwa digrii na dakika. Mji wetu, kwa mfano, uko katika digrii 6 na dakika karibu 49 kusini ya ikweta, na digrii 39 na dakika karibu 17 upande wa mashariki. Mtafutaji huchukua simu yake, nayo husikiliza satelaiti nne au zaidi zipitazo angani, hupima muda ambao ishara ya kila moja imetumia kufika, na kwa hesabu hiyo hujua imesimama wapi. Akiliona kopo, huandika jina lake daftarini. Akitwaa kitu kilichomo, huweka kingine chenye thamani kama hicho, kisha hulirudisha kopo pale pale kwa ajili ya yule ajaye nyuma yake.

Basi vijana wakatoka Gerezani, wakavuka barabara zenye msongamano wa magari na mikokoteni, wakaelekea Mnazi Mmoja. Lakini katikati ya magorofa ya Kariakoo ishara za satelaiti hugonga kuta na kurudi, na simu hudanganyika kwa hatua nyingi. Simu moja ikawaambia waende kulia, nyingine kushoto, nao wakazunguka mpaka jasho likawatoka. Ndipo binti mmoja, mdogo kuliko wote, akatazama chini. Akaona vijiti vimepangwa mfano wa mshale, na kando yake mraba mdogo uliochorwa mchangani, na ndani ya mraba tarakimu ya tatu. Akahesabu hatua tatu kuelekea mshale ulikoelekea, akainama penye shina la mti, akalitoa kopo. Tulipomwuliza alama ile aliijua wapi, alitueleza kuwa ni alama ya skauti ya tangu zamani: maana yake, barua imefichwa hatua tatu kutoka hapa.

Alisema kweli. Alama hiyo imo katika kitabu ambacho Baden-Powell alikitoa mwaka 1908. Satelaiti ni za jana, lakini mchezo wa kuficha na kutafuta vijana wa skauti wameucheza kwa zaidi ya miaka mia moja. Na sasa tuyatazame maisha ya mtu aliyewafundisha.

UTOTO WAKE

Robert Baden-Powell alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake alikuwa padri wa Kanisa la Uingereza na mwalimu mkuu wa hesabu katika chuo cha Oxford. Lakini mwaka 1860 baba huyo akafariki, na Robert alikuwa na miaka mitatu tu. Mama yake, Bibi Henrietta Grace, akabaki mjane mwenye watoto wengi. Alikuwa mama hodari, akawalea wanawe kwa bidii, akiwahimiza kusoma, kuchora, kuimba, na kutembea mashambani. Wale kaka zake wakubwa wakamchukua pamoja nao katika mashua baharini, na huko alijifunza kutii amri na kuvumilia baridi na njaa.

Alisoma katika shule iitwayo Charterhouse. Darasani hakuwa wa kwanza, lakini nyuma ya shule palikuwa na msitu mdogo ambao wanafunzi walikatazwa kuuingia. Robert akauingia. Huko alitega sungura, akawapika kwa moto mdogo sana ili moshi usimsaliti kwa walimu, akajifunza kujificha mtini na kukaa kimya. Hatusemi kwamba ni vema mtoto kuvunja sheria ya shule. Twasema tu kwamba alipokuwa mzee alikumbuka kuwa msitu ule ulimfundisha mengi, na mchezo wake wa siri akaugeuza kuwa mafunzo ya wazi kwa watoto wa mataifa yote.

ASKARI

Mwaka 1876 alifanya mtihani wa jeshi, akafaulu vizuri kuliko walimu wake walivyotazamia, akatumwa Bara Hindi kuwa afisa wa askari wapanda farasi. Hapo aliona kwamba askari wengi huwa kama kondoo: hungoja amri, wala hawajui kutumia macho yao. Akaanza kuwafundisha katika vikundi vidogo, kila kikundi na kiongozi wake, kuzifuata nyayo, kusoma majani yaliyokanyagwa na majivu ya moto, kusafiri usiku kwa kuzitazama nyota, na kukumbuka waliyoyaona. Kazi ya askari mpelelezi kwa Kiingereza huitwa skauti, na jina hilo ndilo lililobaki hata leo.

Baadaye alifanya kazi ya upelelezi katika nchi za bahari ya Mediterania. Yeye mwenyewe alisimulia jinsi alivyojifanya mtu wa kukusanya vipepeo, akazunguka karibu na ngome za watu akiwa na wavu na daftari. Wenye ngome wakicheka walimwona akichora mabawa ya kipepeo, wasijue kwamba mistari ya mabawa yale ilikuwa ramani ya ngome yao na mahali pa mizinga.

Sasa, wasomaji, twafika mahali ambapo wengi waandikao habari za mtu huyu hupita mbio. Sisi hatutapita mbio. Mwaka 1896 Wandebele na wenzao, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, waliinuka kupigana na kampuni ya Waingereza iliyokuwa imetwaa ardhi na ng'ombe zao. Baden-Powell alikuwa miongoni mwa maafisa waliotumwa kuwashinda. Katika milima ya Matopo aliandamana na Mmarekani mmoja, Frederick Burnham, aliyekuwa stadi wa kusoma nyayo, akajifunza kwake mengi. Ujuzi mwingi ambao watoto wetu huuchezea leo ulipatikana katika vita hivyo, huku watu wakiwindwa milimani mwao. Tena katika vita hivyo alitekwa mkuu mmoja wa wenyeji, jina lake Uwini, naye alikuwa amejeruhiwa. Baden-Powell akamweka mbele ya baraza la kijeshi, likamhukumu kufa, naye akaruhusu apigwe risasi. Mwakilishi mkuu wa serikali ya Uingereza hakupendezwa, akataka jambo lile lichunguzwe. Uchunguzi ukafanywa, na jeshi likamwachilia Baden-Powell bila adhabu. Lakini Uwini alikuwa amekwisha kufa, na damu haizoleki.

MJI ULIOZINGIRWA

Mwaka 1899 Waingereza na Makaburu walianza vita Afrika ya Kusini. Baden-Powell alikuwa na askari wachache katika mji mdogo wa Mafeking. Tarehe 13 Oktoba 1899 Makaburu kwa maelfu wakauzingira, wakaupiga kwa mizinga. Mji ukavumilia siku 217, mpaka jeshi la kuuokoa lilipofika tarehe 17 Mei 1900.

Aliwadanganya adui kwa akili nyingi. Alizika masanduku yaliyojaa mchanga, akatangaza kwa sauti kubwa kwamba ni baruti. Askari wake wakaamriwa kuinua miguu yao juu kila wapitapo mahali fulani, kana kwamba pana waya wa miiba, na Makaburu walioangalia kwa darubini wakaamini kwamba waya upo. Tena vijana wadogo wa mji wakaundwa kuwa kikosi cha kupeleka barua na habari, kwanza kwa punda, kisha kwa baiskeli, wakapita katikati ya risasi. Baden-Powell akaona kwamba mtoto akiaminiwa kazi ya kweli, huifanya kama mtu mzima. Wazo hili hakulisahau.

Habari za kuokolewa kwa Mafeking zilipofika London watu wakacheza njiani, na jina lake likawa kubwa katika dola yote ya Uingereza. Lakini mji ule haukulindwa na Wazungu peke yao. Waafrika wa kabila la Barolong walikaa humo, wakapigana, wakapeleka barua usiku, wakaleta ng'ombe. Na njaa ilipozidi, Waafrika ndio walioumia kuliko wote, maana posho haikugawanywa kwa usawa. Jambo hili twalijua hasa kwa sababu ndani ya mji alikuwamo Mwafrika kijana, Solomon Plaatje, mkalimani wa mahakama, aliyeandika habari za siku hizo katika daftari lake. Daftari hilo lilichapwa mwaka 1973. Na tufahamu kwamba Plaatje alilelewa Pniel, katika kituo cha Misheni ya Berlin, misheni ile ile ya Kilutheri iliyofanya kazi kwetu katika Nyanda za Juu za Kusini na hapa Dar es Salaam. Hivyo ushahidi wa wenye njaa ulihifadhiwa na mtoto wa Kanisa aliyefundishwa kusoma na kuandika. Ninyi waalimu mnaokaa na watoto penye ubao, msidhani kazi yenu ni ndogo.

KISIWA CHA BROWNSEA

Aliporudi Uingereza, Baden-Powell alistaajabu kuona kwamba kitabu chake kidogo cha kuwafundisha askari upelelezi kilikuwa kikisomwa na watoto na walimu wa shule. William Smith, aliyeanzisha chama cha vijana wa Kikristo kiitwacho Boys' Brigade huko Glasgow mwaka 1883, akamhimiza akiandike upya kwa ajili ya vijana. Basi akafikiri sana. Je, elimu hii ya vita yaweza kugeuzwa kuwa elimu ya amani? Je, macho yaliyofundishwa kumwona adui yaweza kufundishwa kumwona mwenye shida?

Ili kujaribu, mwezi wa Agosti mwaka 1907 aliwachukua wavulana karibu 20 mpaka kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Baadhi yao walikuwa wana wa matajiri, na wengine wana wa wafanya kazi. Katika nchi ile wakati ule watoto hao hawakuzoea kula wala kulala pamoja. Yeye akawachanganya, akawagawa katika vikosi vinne, kila kikosi na jina la ndege au mnyama. Asubuhi aliwaamsha kwa pembe la tandala alilolipata katika vita vya Wandebele. Siku nzima walifuata nyayo, walipika, walijifunza kuokoa mtu azamaye, na jioni wakaketi kando ya moto wakisikiliza hadithi na kusali.

Mwezi wa Januari 1908 kitabu chake kwa vijana kikaanza kutoka kwa sehemu. Kabla hajakuwa na ofisi wala fedha za kutosha, watoto wenyewe walikwisha kuunda vikosi katika kila mji. Mwaka 1909 skauti walipokutana kwa maelfu London, wasichana nao wakatokea wamevaa kama kaka zao, wakidai nafasi. Mwaka uliofuata kikaanzishwa chama cha wasichana, naye Agnes, dada yake, akakiongoza. Mwaka huo huo wa 1910 Baden-Powell akaacha jeshi, ili awatumikie vijana siku zake zote zilizobaki.

Mwaka 1912 alimwoa Bibi Olave Soames. Yeye alikuwa na miaka 55 na bibi miaka 23, nao wote wawili walizaliwa tarehe 22 Februari. Mungu akawajalia watoto watatu. Mwaka 1920, baada ya vita kuu ya kwanza, vijana wa mataifa mengi wakakusanyika London, wakamkubali awe skauti mkuu wa dunia. Tangu hapo alisafiri bila kuchoka, akiwahimiza vijana wa nchi zilizopigana washikane mikono.

Hata hivyo hapa napo tuseme kweli. Katika Afrika ya Kusini viongozi wa Kizungu walikataa kuwapokea watoto weusi katika vikosi vyao. Mwaka 1936 Baden-Powell alifika huko, na shauri likaamuliwa kwamba Waafrika wawe na chama chao mbali. Aliyewalaza tajiri na maskini katika hema moja huko Brownsea hakuwalaza mweusi na mweupe katika hema moja huko Afrika. Skauti wa nchi ile hawakuungana kuwa chama kimoja hata mwaka 1977.

NYUMBA YA NYERI

Afrika ya Mashariki aliipenda. Alifika kwanza mwaka 1906, akachora picha nyingi, zikachapwa kitabuni mwaka uliofuata. Alipozeeka na moyo wake ukawa dhaifu, aliamua kumalizia siku zake Nyeri. Mwaka 1938 akahamia katika nyumba ndogo katika bustani ya hoteli ya Outspan, yenye baraza la kuutazama Mlima Kenya. Nyumba yao ya Uingereza waliiita Pax, yaani amani kwa Kilatini, na hii ya Nyeri wakaiita Paxtu, maana ni Pax ya pili. Yule askari wa zamani aliketi barazani akichora ndege na wanyama, akiandika barua kwa vijana.

Alifariki tarehe 8 Januari 1941, umri wake miaka 83, wakati dunia ilipokuwa tena katika vita. Akazikwa katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro, Nyeri. Katika karatasi zake ilionekana barua ya kuwaaga skauti, akiwaeleza kwamba furaha ya kweli hupatikana kwa kuwafurahisha wengine. Bibi Olave alifariki mwaka 1977, na majivu yake yakaletwa akalazwa pamoja na mumewe. Juu ya jiwe la kaburi imechongwa duara, na katikati ya duara nukta moja. Hii nayo ni alama ya njia ya skauti, ile ya mwisho ambayo kiongozi huiweka mchezo ukiisha, na maana yake ni kwamba amekwenda nyumbani.

Kazi yake haikwisha. Katika nchi yetu kijana Julius Nyerere, alipokuwa mwanafunzi Tabora, alisoma kitabu cha Baden-Powell, akasaidia kuanzisha kikosi cha skauti shuleni. Mwaka 1963 skauti wa nchi yetu walipokewa katika umoja wa skauti wa dunia, ambao leo una watoto na vijana zaidi ya milioni 50.

TUJIFUNZE NINI?

Mzazi mmoja wa usharika alituuliza kama inafaa kuwavika watoto wetu skafu ya mtu aliyepigana na Waafrika. Swali hilo si la kubezwa, nasi tumekaa nalo siku nyingi. Tungeweza kumjibu kwa kuyaficha mabaya, au kwa kuyatupa mema. Lakini Kanisa letu halikutufundisha hivyo. Twafundishwa kwamba mtu aliyeokolewa bado ni mwenye dhambi, na kwamba Mungu huandika sawasawa hata kwa kalamu iliyopinda. Mtume Paulo alitutaka tuyapime mambo yote, tulishike lililo jema. Basi na tuwape watoto mchezo, wala tusiwanyime habari. Wakijua jina la Baden-Powell, wajue na jina la Uwini, na jina la Plaatje.

Tena wayajue na yaliyofichwa chini ya miguu yao wenyewe. Kila siku twalitaja jina la Kariakoo tukienda sokoni, na wengi hawajui kwamba limetoka katika jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, cha vita vya 1914 mpaka 1918. Waafrika waliobeba mizigo ya jeshi katika vita hivyo walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa homa, kuhara, na njaa, na wengi wao hawana jiwe wala alama ya duara. Kijana aliyejifunza kutafuta kopo penye shina la mti aweza kufundishwa pia kutafuta habari za watu hao.

Kwa hiyo twawashauri waalimu wa vijana wafanye jambo hili. Wachague mahali, waombe ruhusa ya mwenye mahali, wafiche kopo bila kuchimba wala kuharibu. Ndani yake watie daftari, pamoja na karatasi yenye habari za mahali pale. Simu wazitumie, lakini hatua za mwisho waende kwa macho. Kisha waketi pamoja, wasome habari iliyomo, wawaombee waliotangulia.

Yule binti wa Gerezani aliandika jina lake daftarini, akalifunga kopo, akalirudisha mahali pake, akavipanga upya vijiti vya mshale vilivyokuwa vimekanyagwa na wenzake. Hakuna aliyemwagiza. Alisema tu kwamba wengine watakuja.